NAHODHA, NYOTA NA MCHEZAJI WA MWISHO

Somo letu la safari hii linatoka mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kupatazama, nako ni katika mchezo wa tenisi. Huenda katibu fulani akauliza: mizani ya kahawa na raketi vina uhusiano gani? Namwomba avute subira. Katika kazi ya ukaguzi wa vyama vya msingi kuna swali moja ambalo hurudi kila msimu, ingawa halimo katika daftari lolote. Mwanachama mkubwa, yule aletaye magunia kwa lori, atendewe vipi? Na yule aletaye debe moja kichwani atendewe vipi? Kwa upande wa kura sheria imekwisha jibu: kila mwanachama ana kura moja. Lakini sheria haikueleza ni nani asikilizwe kwanza, nani asubirishwe, na nani aambiwe ukweli. Manahodha wa timu za taifa za tenisi wamekuwa wakilikabili swali hilo tangu mwaka 1900, nao wana bahati mbaya moja, kwamba majibu yao huonekana na watu wote kwenye ubao wa matokeo.

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe. Mchezaji wa tenisi ni mtu wa peke yake. Humwajiri kocha wake, hujilipia nauli yake, na zawadi akiishinda ni yake. Kwa majuma mengi ya mwaka hana mkubwa wa kumwamrisha. Kisha, kwa majuma machache tu, taifa humwita katika Kombe la Davis, kombe lililotolewa na Mmarekani Dwight Davis na kushindaniwa kwa mara ya kwanza huko Boston mwaka 1900, baina ya Marekani na Visiwa vya Uingereza. Wanawake walianza shindano lao la mataifa mwaka 1963, na tangu mwaka 2020 linaitwa Kombe la Billie Jean King. Hapo ndipo mtu huyo wa peke yake hukabidhiwa nahodha. Aghalabu nahodha huyu hachezi. Huketi kwenye kiti kando ya uwanja, na wachezaji wanapobadilishana pande ana kama dakika moja na nusu ya kusema neno. Kwa miaka mingi sheria za tenisi zilikataza mashauri ya namna hiyo katika mashindano ya kawaida. Katika mashindano ya mataifa peke yake ndipo mchezaji alipokuwa na mtu wa kumwegemea waziwazi.

Sasa tuitazame hesabu, maana bila hesabu somo hili halieleweki. Hadi mwaka 2018 mchuano wa Kombe la Davis ulikuwa wa siku tatu na wenye mapambano matano: mawili ya mmoja kwa mmoja siku ya kwanza, moja la wawili wawili siku ya pili, na mawili ya mmoja kwa mmoja siku ya tatu. Atakayepata matatu ndiye mshindi. Nyota, hata akiwa bora duniani, aliweza kucheza matatu tu. Pambano lake lilihesabiwa moja. Pambano la mwenzake asiyejulikana nalo lilihesabiwa moja. Hakuna nyongeza kwa ajili ya jina kubwa.

Yupo aliyewahi kuubeba mzigo wote. Mwaka 1995 huko Moscow, Pete Sampras wa Marekani aliipatia timu yake pointi zote tatu dhidi ya Urusi, moja kati ya hizo akiwa pamoja na Todd Martin katika mchezo wa wawili wawili. Lakini siku ya kwanza, mara tu baada ya kumshinda Andrei Chesnokov, misuli ilimkaza akaanguka, ikabidi abebwe kutolewa uwanjani. Watu hukumbuka ushindi huo, nami nakumbuka zaidi kule kubebwa. Timu inayomtegemea mtu mmoja huwa umbali wa msuli mmoja tu kutoka kwenye kushindwa.

Nahodha aliyevuna makombe mengi kuliko wote ni Harry Hopman wa Australia. Aliongoza timu yake kulishinda Kombe la Davis mara 16, mara ya kwanza mwaka 1939 na zilizosalia kati ya mwaka 1950 na 1967. Njia yake ilikuwa ya sheria moja kwa wote. Vijana wake walikimbia, walifanya mazoezi makali ya mwili, walilala kwa saa iliyopangwa, na aliyekosa adabu alitozwa faini, awe bingwa au mwanafunzi. Hata hivyo asidhani msomaji kwamba Hopman alikuwa jiwe. Mwezi Desemba 1953, mjini Melbourne, Australia ilikuwa imebakiwa na uzi mwembamba mbele ya Marekani, na kijana Lew Hoad, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa akipigana na Tony Trabert. Hoad aliteleza akaanguka kwenye majani yenye maji. Hopman akamrushia taulo kwa mzaha. Kijana akacheka, na hofu ikamtoka. Alishinda seti ya tano kwa 7-5.

Katika mchuano huohuo limo jambo jingine lifaalo kudarasiwa. Kijana wa pili, Ken Rosewall, naye wa miaka 19, alishindwa na Trabert siku ya kwanza. Siku ya pili aliondolewa katika mchezo wa wawili wawili, ingawa yeye na Hoad walikuwa wamezoeana. Nafasi yake akapewa Rex Hartwig. Hoad na Hartwig walishindwa. Mwishoni, matokeo yakiwa mawili kwa mawili, ni Rosewall huyohuyo aliyepaswa kuingia kucheza pambano la mwisho na Vic Seixas. Alishinda, na kombe likabaki Australia. Wakubwa waliomwondoa siku ya pili walimhitaji mwishoni, naye hakuja na uchungu wake uwanjani. Si kila mtu angeweza hivyo. Nimewaona wanachama waliodharauliwa mara moja kwenye mkutano mkuu wakakaa misimu miwili bila kuleta hata kilo moja chamani.

Miaka ya 1980 ililetea Marekani shida ya namna nyingine. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyeshinda Wimbledon mwaka 1975, alikuwa nahodha kuanzia mwaka 1981 hadi 1985. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye kupima maneno. Nyota wake alikuwa John McEnroe, mchezaji wa ajabu na mwenye hasira za ajabu. Kwa haki, lazima isemwe kwamba McEnroe alikubali kuichezea nchi yake wakati wachezaji wakubwa wengine walipokuwa wakitoa udhuru. Katika fainali ya mwaka 1981 huko Cincinnati dhidi ya Argentina, Ashe alichukizwa na mwenendo wa McEnroe katika mchezo wa wawili wawili, wakatupiana maneno makali. Kombe walilipata, na mwaka 1982 wakalipata tena. Ushindi ukafunika mambo.

Mwaka 1984 kifuniko kiliondoka. Marekani ilikwenda Gothenburg kucheza fainali na Sweden ikiwa na McEnroe na Jimmy Connors, nyota wawili ambao hawakupatana hata kidogo. Connors alishindwa na Mats Wilander, na tabia yake uwanjani ikawatia aibu watu wake. McEnroe akashindwa na Henrik Sundström. Kisha McEnroe na Peter Fleming, ambao hawakuwahi kushindwa katika mchezo wa wawili wawili wa Kombe la Davis, wakashindwa na Stefan Edberg na Anders Järryd. Baada ya hapo ilidaiwa kwamba kila mchezaji atie sahihi karatasi ya kuahidi mwenendo mwema. McEnroe na Connors hawakucheza mwaka uliofuata. Marekani ikatolewa na Ujerumani Magharibi, na Ashe akauacha unahodha.

Namheshimu sana Ashe, lakini kwa maoni yangu karatasi ile ilichelewa. Kanuni inayoletwa baada ya aibu humfanya nyota aione kuwa ni adhabu, na humfanya mdogo aione kuwa haimhusu. Kanuni huwekwa msimu unapoanza, mizani ikiwa bado tupu.

Billie Jean King aliiweka mapema, naye aliilipia gharama. Mwezi Aprili 2002, huko Charlotte, akiwa nahodha wa timu ya wanawake ya Marekani, alimwondoa Jennifer Capriati kikosini. Capriati alikuwa bingwa wa Australia wa mwaka huohuo, na mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa duniani. Kosa lake lilihusu kanuni ya timu iliyozuia wachezaji kufanya mazoezi ya pembeni na makocha wao binafsi. Nahodha angeweza kufumba jicho, na wengi wangemsamehe. Hakufumba. Marekani ikashindwa na Austria kwa mapambano matatu kwa mawili, jambo ambalo hapana aliyelitarajia. Wakosoaji walisema kwamba kwa ajili ya kulinda kanuni aliliangusha taifa. Mwaka 2003 timu yake ilifika fainali ikashindwa na Ufaransa. Siwezi kumwambia msomaji kwamba kanuni ile ilileta kombe, kwa sababu haikuleta. Ninachoweza kusema ni kwamba wachezaji wengine wa timu ile walikuwa wameambiwa kanuni hiyohiyo na wakaitii. Je, wangeambiwa nini kama angeachwa?

Niingize hapa jambo dogo. Katika chama kimoja nilichokikagua, karani wa mizani alikuwa na mazoea ya kuwapimia wakulima wakubwa jioni, baada ya mizani kufungwa, ati wana shughuli nyingi. Hesabu zake zilikuwa safi. Sikukuta upungufu wa hata kilo moja. Lakini mkutano mkuu wa mwaka ule ulivunjika, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni mizani ya jioni. Watu hawakuwa wakilalamikia uzito. Walilalamikia saa.

Turudi uwanjani, kwa Yannick Noah, ambaye kwangu ndiye mwalimu mkubwa wa somo hili. Baba yake alikuwa Mkameruni, na Noah alikulia Yaoundé. Mwaka 1971 Arthur Ashe, akiwa safarini Afrika, alimwona kijana huyo wa miaka 11 akicheza, akampendekeza kwa wakuu wa tenisi wa Ufaransa. Katika fainali ya mwaka 1982 huko Grenoble, Noah aliichezea Ufaransa, na nahodha wa upande wa pili alikuwa Ashe huyohuyo. Ufaransa ilishindwa. Ilikuwa haijalitwaa kombe tangu mwaka 1932.

Mwaka 1991 Noah akawa nahodha, na fainali ikawa Lyon, dhidi ya Marekani yenye Andre Agassi na Pete Sampras. Mchezaji wake wa kwanza, Guy Forget, alikuwa miongoni mwa kumi bora duniani, na juu yake hapakuwa na ubishi. Wa pili ndiye aliyewashangaza watu. Noah alimteua Henri Leconte. Wakati ule Leconte alikuwa nje ya mia moja bora, karibu na nafasi ya 160, na katikati ya mwaka uleule alikuwa amepasuliwa mgongo. Zaidi ya hayo, watazamaji wa Paris walikuwa wamempigia miluzi baada ya kushindwa fainali ya mwaka 1988. Orodha ya ubora haikumtaja kuwa mtu wa kutegemewa.

Noah hakuitazama orodha peke yake. Alitazama mkono wa kushoto wa Leconte, ambao siku ukiamka hauna wa kuuzuia. Alitazama uwanja wa ndani wenye kasi. Na alimtazama Sampras, kijana wa miaka 20 ambaye alikuwa hajawahi kucheza hata pambano moja la Kombe la Davis. Hapa lipo fundisho kwa upande wa pili pia. Nahodha wa Marekani, Tom Gorman, alimweka Sampras mbele ya umati unaopiga kelele kwa sababu orodha ilisema hivyo, na orodha haina kipimo cha kelele. Siku ya kwanza Forget alishindwa na Agassi. Kisha Leconte akamshinda Sampras kwa seti tatu mfululizo. Siku ya pili Forget na Leconte wakawashinda Ken Flach na Robert Seguso. Siku ya tatu Forget akamshinda Sampras, na miaka 59 ya kusubiri ikaisha. Timu nzima ilizunguka uwanja ikicheza ngoma, nahodha akiwa mbele.

Msomaji asichukue habari hii kuwa ni ruhusa ya kumteua rafiki badala ya mwenye uwezo. Noah alikuwa na sababu ambazo zingeweza kuelezwa mbele ya mkutano wowote. Pia hakumwinua Leconte kwa kumshusha Forget. Forget alibaki kuwa nguzo, akapewa kazi ya nguzo, nayo ilikuwa kumaliza.

Yuleyule Noah alionyesha upande mchungu wa kazi hii mwaka 2017, baada ya kurudi kuwa nahodha. Katika fainali na Ubelgiji huko Lille aliwaacha nje Nicolas Mahut na Julien Benneteau. Mahut alikuwa mwenzi wa siku zote wa Pierre-Hugues Herbert. Pamoja walikuwa wameshinda Marekani mwaka 2015 na Wimbledon mwaka 2016. Noah akampa Herbert mwenzi mwingine, Richard Gasquet, nao wakashinda. Pambano la tano akamwachia Lucas Pouille, aliyekuwa ameshindwa siku ya kwanza, naye akamshinda Steve Darcis kwa urahisi. Uamuzi ulithibitika. Hata hivyo ushindi haumfanyi aliyeachwa asione uchungu, na sioni kwamba nahodha anaweza kuikwepa sehemu hiyo ya kazi. Anachoweza ni kumwambia mhusika mwenyewe, mapema na kwa kinywa chake, kabla hajaisoma habari hiyo ukutani.

Wahispania walijaribu njia ya kamati. Mwaka 2004 hawakuwa na nahodha mmoja bali watatu walioshauriana. Katika fainali ya Sevilla, mbele ya watazamaji zaidi ya 27,000, watatu hao walimweka kando Juan Carlos Ferrero, aliyekuwa wa kwanza duniani mwaka mmoja tu nyuma, wakamteua kijana wa miaka 18, Rafael Nadal, acheze na Andy Roddick. Nadal alishinda. Ferrero alipelekwa kwenye mchezo wa wawili wawili, akashindwa. Hispania ikapata kombe. Leo kila mtu anaujua ukuu wa Nadal na kuuona uamuzi ule kuwa rahisi. Siku ile haukuwa rahisi, maana mwenye jina alikuwa Ferrero.

Argentina ndiyo iliyojifunza kwa muda mrefu kuliko wote. Mwaka 2008 ilicheza fainali nyumbani, Mar del Plata, ikiwa na David Nalbandian na Juan Martín del Potro, huku Hispania ikija bila Nadal aliyekuwa ameumia goti. Habari za nyota hao wawili kutosikilizana zilienea kila mahali. Del Potro alishindwa na Feliciano López, akaumia, na siku ya tatu Fernando Verdasco, aliyeingizwa badala ya David Ferrer, akaimaliza kazi kwa niaba ya Hispania. Kabla ya hapo Argentina ilikuwa imeshindwa fainali za mwaka 1981 na 2006, na baadaye ikashindwa ya mwaka 2011.

Mwaka 2016 nahodha alikuwa Daniel Orsanic, ambaye hakuwa mtu wa makeke. Katika nusu fainali huko Glasgow, Del Potro alimshinda Andy Murray kwa pambano la zaidi ya saa tano. Siku ya tatu, mapambano yakiwa mawili kwa mawili, watu walidhani nyota huyo ataingizwa tena. Orsanic akampumzisha, akamwingiza Leonardo Mayer, ambaye hakuwa hata miongoni mwa mia moja bora. Mayer alimshinda Dan Evans. Katika fainali ya Zagreb, Del Potro aliinuka kutoka nyuma seti mbili akamshinda Marin Čilić, lakini kwa hesabu yetu ileile hiyo ilikuwa pointi moja tu. Ya mwisho ilimngoja Federico Delbonis, ambaye siku ya kwanza alishindwa kwa seti tano. Alimshinda Ivo Karlović kwa seti tatu, na Argentina ikapata kombe lake la kwanza. Ni wazi kwamba bila Del Potro wasingefika fainali. Ni wazi vilevile kwamba mapambano mawili yaliyoamua yalichezwa na watu ambao watoto wa Buenos Aires hawakuwa na picha zao ukutani.

Tangu mwaka 2019 utaratibu umebadilika. Katika hatua ya fainali mchuano una mapambano matatu tu, mawili ya mmoja kwa mmoja na moja la wawili wawili, na fainali huchezwa mahali pamoja kwa siku chache mfululizo. Uzito wa nyota umeongezeka, kwa kuwa anaweza kutoa pointi mbili kati ya tatu. Mwaka 2023 Jannik Sinner wa Italia, katika nusu fainali, alimshinda Novak Djokovic peke yake, kisha siku hiyohiyo akamshinda tena akiwa na Lorenzo Sonego. Italia ilitwaa kombe mwaka huo na mwaka 2024. Mwaka 2025 Sinner alichagua kupumzika. Nahodha Filippo Volandri hakuanzisha ugomvi naye. Alikwenda Bologna na Matteo Berrettini na Flavio Cobolli. Katika nusu fainali Cobolli alimshinda Zizou Bergs wa Ubelgiji kwa hesabu ya 17 kwa 15 katika mikwaju ya kumalizia seti ya tatu, na katika fainali akamshinda Jaume Munar wa Hispania. Kombe likabaki Italia kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Maswali ya kujadiliwa na vikundi vya masomo

Kama ungekuwa Billie Jean King mwezi ule wa Aprili 2002, ungemwondoa Capriati au ungemwachia? Kila mjumbe atoe jibu lake na sababu zake, na katibu aziandike.

Noah alikuwa na sababu gani za kumteua Leconte, na ni zipi kati ya hizo ambazo zingekubaliwa na mkutano mkuu wa chama chenu?

Rosewall aliondolewa siku ya pili akahitajika mwishoni. Je, katika chama chenu yupo mwanachama aliyewekwa kando ambaye msimu ujao mtamhitaji? Amekwisha ambiwa nini, na ni nani aliyemwambia?